Uyoga wa Mrihini Haupandwi Bandani: Mwongozo Kamili wa Kutunza Kiraka cha Uyoga Adimu wa Porini

Kila masika yakianza, maswali ni yale yale. Mtu kaokota uyoga wa manjano chini ya mti wa mrihi, kaung'oa na donge lake la udongo, kaupeleka nyumbani na kuuweka kwenye ndoo ya pumba za mpunga. Siku ya tatu umeoza. Mwingine kausaga na maji, kamwaga juisi yake chini ya mwembe, hakuna kilichoota. Wa tatu alikuwa na bidii kuliko wote: alikizungushia kiraka chake ua, akapiga jembe kuondoa magugu ili uyoga "upumue", na mwaka uliofuata hata mmoja haukutoka.

Kosa lao ni moja. Uyoga huu hula mezani pa mti ulio hai. Chini ya ardhi kuna utando, nyuzi nyembamba kuliko unywele, ambao umeivisha mizizi midogo ya mrihi mfano wa soksi. Mti unaupa utando sukari inayotengenezwa na majani. Utando nao unauletea mti maji, fosforasi na naitrojeni kutoka kwenye nyufa za udongo ambazo mizizi haiwezi kuzipenya. Tunachookota sisi ni tunda tu la utando huo. Ukilibeba tunda ukauacha mti, hujabeba kitu.

Basi hapa hutajifunza kuupanda uyoga huu nyumbani. Utajifunza kukitunza kiraka unapoota na, ukiwa na subira ya miaka, kukipanua. Anayetaka uyoga wa bandani apande mamama, ambao hula majani makavu na mabaki ya mazao na haudai mti wowote.

Uyoga ninaouzungumzia ni wa jamii ya Cantharellus, wa rangi ya kiini cha yai. Huota kwenye misitu ya mrihi ya pwani kama Arabuko-Sokoke kule Kilifi, na kwenye misitu ya miombo ya Tanzania, Msumbiji, Zambia hadi kusini ya Kongo. Mrihi, yaani Brachystegia spiciformis, ni wa ukoo huo huo wa miombo. Ng'ambo nako mambo ni hayo hayo kwa mti mwingine: pwani ya California kuna ndugu yake, Cantharellus californicus, anayeishi na mialoni na aliyepewa jina lake la kisayansi mwaka 2008. Mwaloni ukikauka, naye hutoweka. Hatua nyingi za hapa zinafaa pia kwa uyoga wa jamii ya Amanita, Russula na Lactifluus unaoliwa katika miombo, kwa kuwa nao huishi kwa mkataba huo huo na mti.

## Vifaa

Vitafute vyote kabla mvua haijaanza. Mvua ikishanyesha, uyoga haukungoji uende mjini.

- Daftari lenye jalada gumu na penseli. Kalamu ya wino huchuruzika kwenye karatasi yenye unyevu.
- Simu yenye kamera na ramani.
- Kamba ya mita 20 yenye fundo kila mita 5, na vigingi 4 vya mti mgumu.
- Kisu kidogo na brashi ya rangi iliyo safi.
- Kioo cha kukuzia, angalau cha mara 10.
- Makopo ya soda ya alumini na waya mwembamba, kwa ajili ya vibao vya namba.
- Kikapu au tenga lenye matundu. Mfuko wa plastiki hautakiwi hata kidogo.
- Karatasi nyeupe, karatasi nyeusi na bakuli.
- Fyekeo au panga. Jembe liache nyumbani.
- Kwa hatua ya 7: viriba vyenye kina cha sentimita 25 hadi 30, debe moja na mbegu mbichi za mrihi.

## Hatua ya 1: Jua uyoga wako unaishi na nani

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu uyoga wote wa porini huutia kapu moja. Kuna makundi matatu, na kila moja lina matunzo yake.

Kundi la kwanza huishi na mti hai. Ndilo letu.

Kundi la pili huishi na mchwa. Ni uyoga wa jamii ya Termitomyces, ambao mchwa huulima wenyewe ndani ya kichuguu. Dalili yake ni shina lenye mkia mrefu unaoshuka ardhini kama mzizi. Ukiufuata, unafika kwenye masega ya mchwa. Ukitaka huo uendelee kuota, linda kichuguu na usiwatie mchwa dawa. Zaidi ya hapo, mwongozo huu hauhusiani nao.

Kundi la tatu hula mti mfu, majani yaliyooza au samadi. Huo ndio wa kupandwa bandani.

Fanya hivi. Piga goti kando ya uyoga, ondoa majani makavu kwa vidole, kisha fukua polepole kwa ncha ya kisu, sentimita 10 kutoka kwenye shina, kina cha sentimita 5 hadi 10. Tafuta vijizizi vyembamba kama uzi wa kushonea. Kata kimoja chenye urefu wa kidole, kiweke kwenye kisosi cha maji, kitikise mchanga utoke, kisha kiangalie kwa kioo.

Mzizi wa kawaida una ncha iliyochongoka na vinyweleo. Mzizi unaoishi na utando una ncha nene na butu, kama vidole vya mtoto aliyevalishwa glavu, na vinyweleo havionekani. Glavu yenyewe huweza kuwa nyeupe, manjano, kahawia au nyeusi, kutegemea ni kuvu gani aliyeivisha. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani mzizi una ugonjwa.

Rudisha udongo na majani kama yalivyokuwa. Shimo lililoachwa wazi hukausha utando.

Tahadhari: Kuona glavu kwenye mzizi hakuthibitishi kwamba ni ya uyoga wako. Mrihi mmoja huweza kuwa na kuvu wa aina nyingi kwa wakati mmoja. Ulichothibitisha ni kwamba mti ule ni wa aina inayoshirikiana na kuvu wa namna hii. Mwembe, mnazi na mkorosho si wa aina hiyo, ndiyo maana juisi ya uyoga iliyomwagwa chini ya mwembe ilipotea bure.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuunyooshea kidole mti na kusema, "Wangu huishi na huu."

## Hatua ya 2: Thibitisha jina kabla ya kulinda au kula

Usitunze miaka mitano uyoga ambao siwo. Uyoga wa jamii ya Cantharellus una alama ambazo zikikaa pamoja hazidanganyi sana.

Pindua kofia. Chini yake hakuna matamvua membamba yaliyopangika kama kurasa za kitabu. Kuna mikunjo minene, butu, inayogawanyika kama tawi la mti na kuteremka kwenye shina. Jaribu kuuondoa mkunjo mmoja kwa ukucha: hautoki peke yake, unatoka na nyama ya kofia. Shina limejaa, halina pete wala kikombe chini. Harufu ni tamu, ya tunda bivu. Huota ardhini, kamwe si juu ya gogo.

Kisha chukua alama ya vumbi, yaani chembe ndogo ambazo uyoga huzaliana kwazo. Kata kofia moja, iweke juu ya karatasi iliyo nusu nyeupe na nusu nyeusi, ifunike kwa bakuli, iache usiku kucha. Asubuhi utakuta vumbi limechora mikunjo yake. La Cantharellus huwa la rangi hafifu, kati ya maziwa na manjano iliyopauka. Vumbi likiwa la kijani, umeokota kitu kingine kabisa, na huenda ni Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa mweupe wa nyasini unaotapisha watu katika nchi nyingi za joto.

Piga picha nne: juu, chini, ubavuni, na moja ya uyoga uliopasuliwa katikati kwa urefu. Picha ya juu peke yake haimsaidii mtaalamu yeyote, na ndiyo wanayoituma watu wote.

Tahadhari, na hii isome mara mbili: Uyoga wenye sumu kali ya jamii ya Amanita hauumizi papo hapo. Mtu hula, hulala vizuri, na tumbo huanza kusokota baada ya saa 6 hadi 24. Hapo kuna hatari nyingine: kutapika hupungua, mgonjwa hujiona kapona, kumbe ini linaendelea kuharibika. Kuchemsha, kukausha au kutia chumvi hakuiondoi sumu hiyo. Mambo ya kijiko cha fedha kubadilika rangi, au kuangalia kama konokono kaula, ni hadithi. Ukiona uyoga una pete shingoni na kikombe chini ya shina, usiule mpaka mtu anayeujua kwa jina auone kwa macho yake. Aliyekula akaanza kuumwa apelekwe hospitali na mabaki ya uyoga wenyewe.

Umefaulu ikiwa: una picha nne, alama ya vumbi, na majina mawili: la kisayansi, hata likiishia kwenye jamii tu, na la lugha ya hapo ulipo. La pili usilidharau, maana ndilo utakalouliza nalo.

## Hatua ya 3: Uliza wenye msitu na wenye kumbukumbu

Ruhusa kwanza. Ndani ya Arabuko-Sokoke unashughulika na Huduma ya Misitu ya Kenya, na mlango wa kawaida ni chama cha jamii cha misitu kinachotambuliwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Tanzania, kama msitu ni wa kijiji, nenda kwa kamati ya maliasili ya kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kujiwekea sheria ndogo. Kama kiraka kiko ndani ya kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, wazee wa kaya hutangulia mbele ya karatasi yoyote.

Kisha nenda kwa akina mama waokotaji. Usiende na fomu. Nenda asubuhi, toa shikamoo, kaa kwenye mkeka na uliza habari za mvua. Bibi mmoja niliyemwendea alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaniambia, "Mwanangu, wewe unautafuta uyoga kwa macho. Mimi nautafuta kwa miti. Mrihi ukitoa majani mekundu, nahesabu mvua." Majani machanga ya mrihi kweli hutoka na rangi ya shaba kabla ya mvua. Kwake hiyo ilikuwa saa ya ukutani.

Waulize mambo manne: zamani uliota wapi ambapo sasa hauoti; nini kilitokea pale; huanza mvua ya ngapi; na nani mwingine huokota. Jibu la pili ndilo la thamani kuliko yote. Mara nyingi utasikia "palichomwa mkaa" au "palilimwa".

Umefaulu ikiwa: una ruhusa, na una orodha ya mahali ulipokufa uyoga pamoja na sababu zake.

## Hatua ya 4: Pima kiraka, weka alama zisizopiga kelele

Pima mraba wa mita 20 kwa 20, uyoga unaojulikana ukiwa katikati. Kila kona pigilia kigingi, kibakize sentimita 15 tu juu ya ardhi. Andika kila mrihi wenye mzingo unaozidi sentimita 30 kwa urefu wa kifua, na uupe namba.

Namba iandike kwa msumari kwenye kipande cha kopo la soda kilichokatwa mfano wa jani. Kifunge kwa waya uliolegea. Mti hunenepa, na waya uliobana utaukata gome. Usitegemee simu peke yake. Chini ya miti, ramani ya simu hukosea kwa mita kadhaa, na mita kadhaa ni mti mwingine.

Kiraka changu cha kwanza nilikipaka rangi nyekundu kwenye miti yote. Nilijiona fundi. Wiki mbili baadaye kila mpita njia alijua kuwa hapo kuna kitu, na uyoga ukaokotwa na mizizi ikachokolewa kwa vijiti. Tangu hapo vibao vyangu vinakaa upande wa mti usioelekea njia. Vilevile, ukipeleka picha mtandaoni, zima kwanza alama ya mahali.

Umefaulu ikiwa: mtu mwenye daftari lako anakipata kiraka, na asiye nalo anakipita bila kugeuka.

## Hatua ya 5: Ondoa kinachoua

Hii ndiyo hatua inayookoa uyoga. Ukiwa na nguvu za kufanya moja tu, fanya hii. Adui nawapanga kwa ukubwa wa madhara.

Shoka na tanuri la mkaa. Mrihi ukikatwa, utando hukosa sukari. Tanuri ni baya zaidi, maana huunguza udongo wenyewe na kuua kila mzizi ulio chini yake; ile duara nyeusi hubaki bila uyoga wa aina hii kwa miaka. Kama kijiji hakiwezi kuacha mkaa, kubalianeni matanuri yote yajengwe juu ya makovu ya matanuri ya zamani, mbali na viraka. Nimeona watu wakikataa katazo la mkaa na kukubali hili, kwa kuwa haliwanyimi kitu.

Jembe. Utando mwingi umo kwenye sentimita chache za juu za udongo. Palizi moja inaukata vipande. Magugu ndani ya kiraka yafyekwe, yasilimwe, na majani makavu yasifagiliwe. Kiraka kisafi kama uwanja wa nyumba ni kiraka kilichokufa.

Moto wa mwisho wa kiangazi. Nyasi zikishakauka kabisa, moto huwa mkali, hula majani yote na miche yote. Moto wa mapema, wakati nyasi bado zina ubichi, hupita haraka na hauingii ardhini. Fyeka ukanda wa mita 3 kuzunguka kiraka mara tu mvua zinapoisha, na mabaki ya nyasi yatoe nje ya ukanda. Kuchoma kokote kufanyike kwa ruhusa na watu wa kutosha.

Miguu. Hapa wengi hushangaa. Nchini Uswisi, watafiti waliuhesabu uyoga wa msitu mmoja kwa miaka 29, kuanzia 1975 hadi 2003, wakilinganisha sehemu zilizookotwa na zisizookotwa. Kuokota hakukupunguza mavuno ya miaka iliyofuata, wala haikujali umeng'oa au umekata kwa kisu. Kilichopunguza uyoga ni kukanyaga. Yale mabishano ya kukata na kung'oa, yanayomaliza vikao, yaacheni. Chagueni njia moja ya kuingilia, muiwekee matawi pembeni, na kila mtu apite hapo.

Msitu ule ni wa Uswisi na wetu ni wa mchanga wa pwani, lakini mguu ni mguu. Mbuzi na ng'ombe wana minne.

Mbolea. Usitie kiraka samadi, urea wala DAP. Mti ukipata fosforasi na naitrojeni ya bure hauoni sababu ya kulipa sukari, na utando hudhoofika.

Umefaulu ikiwa: msimu mzima umepita bila kisiki kipya, bila jivu na bila udongo uliochimbuliwa ndani ya mraba wako.

## Hatua ya 6: Vuneni kwa makubaliano

Kukataza kabisa hakudumu. Uyoga ni kitoweo cha wiki ambazo ghala halina kitu, na mama mwenye watoto hatakusikiliza. Afadhali anayeokota awe ndiye mlinzi.

Kanuni zetu ni chache. Vifungo visivyofunguka kofia haviguswi. Uliozeeka na kuinama unabaki umwage vumbi lake. Kila kundi linaachiwa angalau uyoga 2 au 3. Siku baada ya mvua kubwa hakuna anayeingia, kwa kuwa udongo uliolowa hushindiliwa upesi. Uyoga ubebwe kwenye tenga. Ndani ya plastiki hutoka jasho na kuoza kabla ya kufika sokoni. Kwa aina iliyobaki sehemu mbili au tatu tu katika msitu mzima, kubalianeni kupumzika misimu kadhaa. Si kwa kuogopa kisu, bali kupunguza miguu, na kuacha vumbi lifike mbali.

## Hatua ya 7: Ongeza miti, kwa utaratibu huu

Watu hukimbilia miche. Miche ni ya pili. Ya kwanza ni visiki.

### Machipukizi

Mrihi uliokatwa hauharakishi kufa. Hutoa machipukizi kutoka kwenye kisiki na mizizi. Mizizi ile bado imevaa soksi zake. Chipukizi linaloanza kutoa majani linaanza kuulisha utando ule ule uliokuwapo. Hakuna mche wowote wa kitalu unaoweza kukupa hilo.

Zungukia visiki vyote ndani na kando ya kiraka. Kila kisiki kiachie machipukizi 2 au 3 yenye nguvu, yaliyotoka chini karibu na ardhi, mengine yakate. Yaliyotoka juu kisikini hupasuka na upepo. Yawekee miiba kuzuia mbuzi. Kazi imekwisha, na hujatumia hata shilingi.

### Miche

Pale pasipo na visiki, otesha. Maganda ya mrihi hupasuka mwishoni mwa kiangazi kwa mlio unaosikika, na mbegu bapa za kahawia hutupwa mbali. Ziokote upesi kabla wadudu hawajazitoboa, na uzipande mbichi. Hazihifadhiki kama maharage. Usizimwagie maji ya moto. Huo ni utaratibu wa mbegu zenye ganda gumu, na mrihi utaupika.

Changanya debe 9 za mchanga na udongo wa kawaida wa hapo na debe 1 la udongo wa chini ya mrihi mkubwa, uliochotwa kwenye sentimita 15 za juu pamoja na vijizizi vyake. Debe hili ndilo siri yote. Misonobari ilipoletwa katika nchi nyingi za Afrika, miche ilidumaa na kugeuka njano mpaka ulipoletwa udongo wenye kuvu wake. Mabwana miti wa vitalu wamelijua hilo kwa vizazi. Udongo huo chota kidogo kidogo kutoka miti kadhaa, *nje* ya mraba wako, na ufukie mashimo. Usiuchemshe, usiukaange, usiutie dawa ya kuvu. Usiutoe msitu mwingine. Utahamisha magonjwa na magugu.

Panda mbegu 1 kwa kila kiriba, kina cha sentimita 1 hadi 2, chini ya kivuli hafifu. Kiriba kifupi hakifai. Mche wa mrihi huchimba kwanza na kupanda juu baadaye: utaona majani manne juu, na chini mzizi mkuu umeshagonga sakafu ya kiriba. Mzizi ukijipinda pale, mti umeharibika maisha yake yote.

Hamishia shambani mwanzo wa mvua, mita 5 hadi 15 kutoka mrihi mkubwa wenye uyoga. Umbali huo una maana yake. Debe lako la udongo litaipa miche kuvu, lakini huchagui ni kuvu gani. Inaweza kuwa kumi tofauti na wako asiwemo. Mche uliopandwa ndani ya eneo la mizizi ya mti mama hukutana na utando wa huko huko ardhini. Nikisema usijaribu kuotesha uyoga huu kwa vumbi lake au juisi, sikatishi watu tamaa. Vumbi la Cantharellus ni gumu mno kuota hata maabara. Ilipofika 1997 ndipo watafiti walipotangaza kuwa wamefanikiwa kupata tunda la ndugu yake wa Ulaya kwenye banda la kioo, juu ya miche ya msonobari. Walikuwa na maabara. Wewe una mrihi mkubwa, utumie.

Tahadhari: Mwaka wa kwanza na wa pili mche wa mrihi huweza kukauka juu wakati wa kiangazi ukaonekana umekufa. Usiung'oe. Kwaruza gome karibu na ardhi kwa ukucha. Kijani kikionekana, mzizi uko hai na mvua itauamsha. Nimewahi kung'oa miche 14 mizima kwa haraka yangu.

Umefaulu ikiwa: baada ya kiangazi cha pili, zaidi ya nusu ya miche inachipua upya.

## Hatua ya 8: Hesabu, hata mwaka wa sifuri

Wakati wa mvua, pita mara moja kwa wiki, siku ile ile, njia ile ile. Andika: tarehe, mvua ya wiki (kopo lililonyooka pande na rula vinatosha), idadi ya uyoga, uko karibu na mti namba ngapi, na alama zozote za shoka, moto au mifugo. Uliouhesabu uwekee kijiti pembeni usije ukauhesabu tena.

Idadi ya uyoga si idadi ya viumbe. Utando mmoja hutoa matunda mengi. Kwa hiyo hesabu pia makundi. Mimi huyahesabu kuwa mawili yakiachana zaidi ya mita 10. Kundi jipya moja kando ya mti ambao haukuwa na kitu linanifurahisha kuliko uyoga hamsini pale pa zamani.

Mwaka wa mvua haba utapata sifuri. Iandike. Utando huweza kukaa chini bila tunda na bado ukawa mzima. Anayeacha ukurasa mtupu baadaye hajui kama hapakuwa na uyoga au hakwenda. Pia usitoe hukumu kabla ya misimu 5. Kiraka kilichotoa 60, 12, 0, 41 hakijapungua wala hakijaongezeka, kimefuata mvua.

Nakala ya daftari ipeleke kwa kamati ya msitu na kwenye hifadhi ya mimea ya chuo kikuu au makumbusho ya taifa, pamoja na uyoga 2 au 3 uliokaushwa kwenye upepo wa joto na kufungwa kwenye bahasha ya karatasi. Mwezi Machi 2025, kuvu waliotathminiwa kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, walifikia 1,300, na angalau 411 kati yao wamo hatarini kutoweka. Aina isiyo na takwimu haitathminiwi, na takwimu za miombo hazitaletwa na mtu anayeishi Uswisi.

Msimu wa tano, kabla hujahesabu, chagua mche mmoja uliopanda mwenyewe. Fukua pembeni kwa ncha ya kisu, kata kijizizi kimoja cha urefu wa kidole, kiweke kwenye kisosi cha maji na uchukue kioo. Angalia kama kimevaa glavu, na ya rangi gani. Andika, kisha ufukie.